Njia ya Mluzi ya Dunmarrow

"Arletha, niambie leo nisikie kwa masikio yangu," Vashti Bligen alimwuliza. "Unawezaje kumpikia mtu aliyemwua kaka yako?"

Walikuwa wamekaa kwenye ngazi za nyuma za nyumba ya Vashti, beseni mapajani, wanamenya kunde. Arletha hakuinua macho. Alipasua ganda, akazisukuma kunde kwa kidole gumba, ganda akalitupa ndooni.

"Nampikia kama ninavyompikia mtu mwingine," alisema. "Chumvi ni ileile."

"Mimi ningemtilia sumu ya panya."

"Angekufa."

"Si ndiyo kazi ya sumu, mwenzangu?"

"Na akifa, nani ataniambia alikomweka Lemuel?"

Vashti akaacha kumenya. Yeye na Arletha walibatizwa siku moja, kwenye maji yaleyale ya mto, na miaka yote hiyo alidhani rafiki yake anakwenda kwenye nyumba ya Haskew kwa woga tu, au kwa ajili ya mshahara. Wengine walisema mabaya zaidi. Walimwita mbwa wa Haskew, tena wakingoja apite ndipo waseme, ili asikie. Arletha alisikia. Aliwaamkia, akapita.

Nyumba yenyewe inaitwa Dunmarrow, na mpaka leo imesimama ukingoni mwa mto, huko pwani ya Carolina Kusini. Ni nyeupe, na nguzo zake za mbele ni nene kiasi kwamba watu wawili wakishikana mikono hawawezi kuizunguka moja. Matofali yake yalifyatuliwa na watumwa wa Haskew wa kwanza. Ukiangalia vizuri ukuta wa nyuma utaona alama za vidole vya watoto, maana watoto ndio waliokuwa wakiyageuza juani kabla hayajakauka. Utajiri ulitoka kwenye majaruba ya mpunga. Watu walisimama majini mpaka mapajani tangu alfajiri, kwa homa na kwa nyoka, na aliyeanguka aliburutwa mguu akatupwa mferejini. Ndiyo maana watu wa pale wanaamini kwamba ukimtafuta mtu aliyepotea mikononi mwa Haskew, umtafute majini. Imani hiyo ndiyo iliyowapoteza, kama itakavyoonekana.

Jiko la Dunmarrow lilijengwa mbali na nyumba, kwa kuogopa moto. Kati ya jiko na chumba cha kulia kulikuwa na njia nyembamba, na mke wa Haskew wa kwanza, aliyekuwa mchoyo hata wa makombo, aliamini kwamba watumwa wanamega chakula njiani. Basi akaweka sheria. Abebaye chakula apige mluzi tangu mlango wa jiko mpaka mlango wa chumba cha kulia, bila kukata, kwa sababu mdomo unaopiga mluzi hauwezi kutafuna. Yeye alikaa dirishani akisikiliza.

Wa kwanza kuivunja sheria hiyo alikuwa Minda, bibi wa mama yake Arletha. Alibeba bata bukini, kikamshika kikohozi, mluzi ukakatika. Bibi mwenye nyumba hakuuliza. Aliagiza koleo kutoka kwa mhunzi, watumwa wote wakaitwa uani, na Minda akang'olewa meno mawili ya mbele, moja baada ya jingine, huku mume wake ameshikwa na wanaume wanne. Kesho yake alitakiwa abebe chakula. Akajifunza upya kupiga mluzi kwa mapengo, damu ikimchuruzika kidevuni.

Kisha ikaja vita, na watumwa wakawa huru. Mtoto wa Minda, kijana aliyeitwa Prince, alipanda ngazi za mbele kuomba ujira wa mavuno, kofia mkononi. Haskew wa zama hizo akampiga risasi ya kifua. Risasi ilimtoka mgongoni ikatoboa mkono wa ngazi, na tundu lipo hadi leo. Wageni huambiwa kwamba ni risasi ya wanajeshi wa Kaskazini. Huingiza vidole humo wakapigwa picha.

Utumwa uliisha. Mluzi haukuisha.

Ilipofika zamu ya Thaddeus Haskew, mpunga ulikuwa umeshakufa na majaruba yamegeuka makao ya bata mwitu. Akawa anapokea matajiri kutoka Kaskazini waje kuwinda. Walipenda nguzo, walipenda tundu la risasi, na zaidi ya vyote walipenda kukaa mezani wakisikia mluzi ukija kutoka jikoni. Bwana Haskew aliwaambia kwamba ni desturi ya nyumba, na kwamba weusi wake wanaipenda.

Mpishi alikuwa mama yake Arletha, Dorcas Sumpter. Arletha alimsaidia. Aliyebeba vyakula vikubwa alikuwa Lemuel, mtoto wa kwanza, kijana mrefu mwenye maneno mengi na mluzi ambao ungefanya ndege wanyamaze wamsikilize.

"Wewe unapiga mluzi kama mtu anayekwenda kwa mchumba," mama yake alimwambia.

"Nakwenda na bata, mama. Na huyu bata ananuka vizuri kuliko Lucille."

"Lucille akikusikia atakutoa macho."

"Atanitoaje, na ndiye kanipa kikombe?"

Kikombe hicho kilikuwa cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu. Lucille alikishinda kwenye sherehe ya kanisa akampa. Lemuel alinywea kahawa yake humo kila asubuhi, na mtu mwingine akikigusa ni ugomvi.

Mwaka mmoja, majira ya baridi yalipokuwa yanaanza, farasi wa mgeni mmoja alishtuka akamwangusha mgeni matopeni. Lemuel ndiye alikuwa ameshika hatamu. Bwana Haskew alimnyang'anya, akaikunja mkononi, akampiga nayo mdomoni kwa upande wa bizimu la chuma. Aliendelea kumpiga mpaka mkono ulipochoka. Lemuel alirudi jikoni mdomo wa juu umepasuka mpaka chini ya pua, meno ya mbele hayapo, ulimi umevimba kama ini la ng'ombe. Dorcas alimfunga kwa kitambaa chenye asali na utando wa buibui. Hakuweza kula. Asubuhi aliomba kahawa, akachovya kitambaa kwenye kile kikombe, akakinyonya kidogokidogo.

Mchana ule kulikuwa na wageni mezani. Dorcas alikwenda mwenyewe kusimama mbele ya bwana.

"Bwana mkubwa, leo chakula atabeba Arletha. Lemuel mdomo hauwezi."

"Lemuel hubeba," Haskew alisema. "Na Lemuel hupiga mluzi. Au umesahau nyumba hii ni ya nani?"

"Sijasahau, bwana."

"Basi nenda."

Lemuel akachukua sinia la bata. Arletha alimfuata nyuma na bakuli la mchuzi. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Alimwona kaka yake akiukaza ule mdomo uliopasuka, akijaribu, nyama iliyokuwa imeanza kushikana ikaachana, damu ikashuka. Hewa ikatoka bila sauti. Akajaribu tena. Njia nzima ikawa kimya, na huko dirishani Haskew alikuwa akisikiliza.

Alitoka na chuma cha kuchokolea moto.

"Una nini mdomoni?"

Lemuel akatikisa kichwa.

"Nimekuuliza. Fungua."

Lemuel akafungua, na kilichokuwemo ni damu iliyoganda na ulimi.

"Unakula bata wangu," Haskew alisema, ingawa aliona kama kila mtu alivyoona, akampiga na kile chuma utosini.

Sinia lilianguka kwanza. Lemuel akapiga magoti, mikono yake bado imenyooka kama mtu aliyebeba kitu. Haskew alimpiga tena, na tena, hata alipokwisha kulala kifudifudi, hata miguu ilipoacha kurusharusha. Sauti ya chuma kikiingia kwenye mfupa Arletha aliibeba maisha yake yote. Alisema inafanana na kupasua boga. Kwenye chumba cha kulia mgeni mmoja aliinuka akafunga dirisha.

Dorcas na Arletha walisukumwa stoo wakafungiwa. Walipofunguliwa, njia ilikuwa imemwagiwa maji na Lemuel hayupo. Bata walikuwa wameokotwa na kurudishwa jikoni.

"Wafute, uwapeleke," Haskew alimwambia Arletha. "Na nikusikie."

Akawafuta kwa aproni yake. Akawabeba. Akapiga mluzi, akikanyaga udongo uliolowa, na wageni wakala.

Sherifu, mkuu wa polisi wa pale, alikuja, akanywa wiski barazani, akasema Lemuel Sumpter ametorokea Savannah kwa sababu ya wizi. Hakuna aliyemwuliza Dorcas alichokiona.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Wanaume wa kanisa, wakiongozwa na Cato Bligen ambaye baadaye alimwoa Vashti na kuwa shemasi, walichukua mitumbwi na ndoano ndefu wakakokota mifereji yote ya zamani ya mpunga. Waliitafuta maiti majini majira yote ya baridi, vidole vikiwapasuka. Walipata mifupa ya watu wa kale, wakaizika kwa sala. Lemuel hawakumpata. Wakati wanakokota, mafundi wa kutoka mji wa mbali walikuwa Dunmarrow wakitandika matofali kwenye njia ya jikoni. Haskew alisema tope linawasumbua wageni. Watu waliona mafundi wakipita na mkokoteni wa matofali, na hakuna aliyewaza lolote. Kwao kaburi halirukwi, halikanyagwi, hata mtoto mchanga hufundishwa kulizunguka. Haikuwaingia akilini kwamba mtu anaweza kumlaza maiti mahali anapopitishia chakula chake mwenyewe.

Wana desturi moja pale, nao wameishika tangu kwa wazee wao. Mtu akifa, kikombe chake cha mwisho, kile alichonywea kabla roho haijatoka, huwekwa juu ya kaburi lake, na kabla ya kuwekwa hutobolewa au huvunjwa. Mnyororo wa kifo hukatika hapo. Kikibaki kizima, marehemu hana pa kutulia, na atawavuta wa kwao mmoja baada ya mwingine. Kikombe cha Lemuel kilikaa rafuni kwa Dorcas kikiwa kizima, kwa sababu kaburi la kukiwekea halikuwepo. Dorcas alikufa kabla mwaka haujaisha. Mdogo wao wa mwisho akafuata, kwa homa. Arletha alipoolewa, mtoto wake alizaliwa mfu, kitovu kimemzonga shingoni, na mume wake, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikusanya nguo zake.

"Kile kikombe kinatuangalia, Arletha," alisema. "Kivunje tu, popote."

"Kikivunjwa popote, atajuaje kwamba ni chake?"

Mume akaenda zake Philadelphia. Arletha akaenda Dunmarrow kuomba kazi ya upishi.

Haskew alimwangalia usoni. "Wewe si mtoto wa Dorcas?"

"Ndiye mimi, bwana."

"Na mluzi unaujua?"

"Naujua."

Alijua anachofuata. Mtu mlevi husema, na Haskew alikuwa akinywa kila mwaka zaidi ya mwaka uliopita. Siku moja neno litamponyoka, na siku hiyo yeye awe karibu. Akawa anapika uji wa mahindi asubuhi, samaki mchana, bata na wali jioni, na anasikiliza. Alipigwa, vilevile. Haskew alimvunjia sahani usoni kwa ajili ya yai lililopasuka, na kovu lake lilikata nyusi mpaka siku ya kufa kwake. Mara moja alimbana vidole kwenye mlango wa stoo kwa makusudi, akahesabu kwa sauti kabla ya kuufungua. Mwanawe, Royall, alikua akiangalia na kujifunza. Wote wawili walimwita shangazi. Wazungu wa kule walimwita hivyo kila mwanamke mweusi mtu mzima, si kwa heshima, ila kwa kukwepa kumwita Bibi.

Na kila alipobeba chakula alipiga mluzi wa wimbo mmoja tu, wimbo wa maziko wanaouimba jeneza likishushwa. Kaka yake hakuimbiwa. Basi akawa anamwimbia pale, kwenye njia alipomwona mara ya mwisho, akiomba Mungu aufikishe huo wimbo huko aliko.

Miaka ikapita hivyo, mpaka nywele zake zikaingia mvi. Mambo ya nje yalibadilika. Watu walikwenda kupiga kura, watoto walikaa shule moja na wazungu, na yule sherifu wa wiski akazikwa. Dunmarrow haikubadilika.

Jioni moja kulikuwa na wageni mezani, waume kwa wake. Arletha alileta supu ya bamia na kaa, bakuli kubwa la udongo lenye mfuniko, imetoka kuchemka sasa hivi. Alipoingia mama mmoja mgeni akampigia makofi.

"Mluzi mzuri huo, shangazi. Lakini una huzuni. Ni wimbo gani?"

"Wa maziko, mama."

"Ya nani?"

"Ya kaka yangu."

Haskew akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akapangusa mdomo, uso umeiva kwa pombe.

"Na anausikia vizuri kuliko sisi," alisema. "Mnajua kuna nini hapo nje? Anamkanyaga kifuani, asubuhi, mchana na jioni, miaka yote hii, huku anamwimbia. Carolina nzima hakuna maiti aliyetunzwa hivyo."

"Baba," Royall alisema.

"Baba nini? Nani atanifanya nini sasa?" Akamgeukia Arletha. "Au hukujua, shangazi? Nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana humbadilishii wimbo."

Arletha alisimama amelishika lile bakuli. Alisema baadaye kwamba hakuwa na hasira wakati ule. Alikuwa akihesabu nyayo zake. Zote alizopita. Za mchuzi, za mkate, za viazi vya Krismasi. Kisha akaondoa mfuniko, akauweka mezani pole, akammiminia Haskew supu yote kichwani. Hakuirusha. Aliimimina kama mtu anayemwagilia mche, mpaka tone la mwisho.

Sauti aliyoitoa Haskew haikuwa ya binadamu. Ngozi ya uso ilibanduka na kitambaa alichojipangusia. Alianguka na kiti, akajiviringisha kwenye vipande vya kaa, akijikuna macho, na wanawake wageni wakapanda juu ya viti vyao. Royall alinyanyua kiti akampiga Arletha nacho. Mkono wa kushoto aliokinga nao ukavunjika, mfupa ukachungulia nje ya ngozi. Akampiga tena mbavuni. Arletha akainuka kwa kushika kitambaa cha meza, vyombo vyote vikamwagika, akatoka kwa mlango wa mbele, kwa sababu ndio uliokuwa wazi. Hakuwahi kuupita. Akazunguka nyumba mpaka banda la vifaa, akachukua sururu, na kwa mkono mmoja akaanza kuvunja ile njia.

Royall alimfuata na bunduki ya kuwindia bata.

"Weka chini, shangazi. Nitapiga."

"Jina langu ni Arletha Sumpter." Hakuacha kuchimba. "Baba yako hakuwa na dada wa rangi yangu. Kama unapiga, piga, tulale wawili."

Akapiga. Alilenga miguu, marisasi madogo yalimwingia kwenye paja na goti, na vigae vya tofali vikamchana uso. Arletha akakaa chini. Akachimba amekaa.

Mlio ule ulisikika kanisani, walikokuwa wakifanya mazoezi ya kwaya. Cato Bligen alikuja mbele, Vashti na wanaume wengine nyuma yake, baadhi na majembe ya bustani ya kanisa, baadhi na bunduki zao. Royall akamwelekezea Cato mtutu.

"Rudini. Hili ni eneo langu."

"Tunajua ni lako," Cato alisema. "Kilichomo chini ndicho chetu."

"Nitamwua mmoja wenu."

"Utamwua mmoja. Halafu?"

Wakasimama hivyo. Ndani Haskew alikuwa akilia kama mbwa aliyekanyagwa na gari. Barazani wale wageni wa Kaskazini walikuwa wamejipanga wakitazama, na dhana ya Arletha ilikuwa kwamba Royall aliwaogopa wao, si bunduki za weusi. Mtutu ukashuka kidogo. Cato akaushika akausukumia chini, kisha akampiga Royall kichwa cha pua, kwa sababu hata mashemasi ni watu, na Royall akakaa kwenye majani akivuja damu.

Vashti hakungoja hayo yaishe. Alikuwa ameshapiga magoti kwenye matofali yaliyong'oka, anachimba kwa mikono, kucha zinamkatika.

"Pumzika, mwenzangu," alimwambia Arletha. "Nyamaza. Niachie."

"Hapana. Upande huu. Alianguka upande huu."

Hakuwa mbali. Kina cha magoti tu, amekunjwa kama nguo. Fuvu lilikuwa limepasuka mpaka chini, na meno ya mbele hayakuwepo. Arletha akaweka kidole kwenye lile pengo, akakiacha hapo, mpaka gari la sherifu mpya lilipoingia.

Sheria ilimchukua yeye kwanza. Alihukumiwa kwa kumwunguza mzee wa watu mezani pake, akapelekwa gereza la wanawake na mkono uliounga vibaya. Haskew alilala miezi kitandani, macho hayaoni, uso hauna midomo. Siku za mwisho, walisema wauguzi, alikuwa akijaribu kuita watu na hewa ikitoka bila sauti. Alikufa kabla jaji hajamfikia. Jalada la Lemuel likafungwa naye. Royall akaifunga nyumba, akahamia mjini.

Mifupa ilirudishwa na serikali kwenye sanduku la mbao, ikazikwa makaburi ya kanisa. Kikombe hakikuvunjwa. Arletha alikuwa ametuma neno kutoka gerezani kwamba wamngoje, na Vashti alilala nacho chini ya mto wake mpaka siku ya kumpokea. Siku hiyo walikwenda wawili tu. Arletha alikipiga msumari kwenye kitako, akakipindua juu ya udongo wa Lemuel, akakigandamiza. Kisha akakaa kitako majanini na kulia kwa namna ambayo Vashti hajapata kuiona kwa mtu mzima.

Kanisani Cato, kama shemasi, ilimbidi amwulize mbele ya watu.

"Dada Arletha, unatubu ile supu?"

"Kwa Mungu nimetubu, shemasi."

"Na kwa marehemu Haskew?"

"Kwa yeye bado najaribu. Kila asubuhi naanza upya."

Watu wakasema amina, na hakuna aliyemwita tena mbwa wa mtu.

Dunmarrow ilikaa tupu miaka mingi, popo wakizaa kwenye chumba cha kulia. Kisha ikanunuliwa na watu wa kampuni moja, wakaipaka rangi, wakaanza kuikodisha kwa harusi. Bi Arletha alikuwa kikongwe wa fimbo wakati huo, meno ya bandia, anaishi chumba cha nyuma kwa Vashti, wazee wawili wanaogombana juu ya chumvi. Siku moja akaja msichana wa kampuni, mzungu, mpole, viatu vyake vimejaa matope. Wakampa wali na kunde.

"Bibi Sumpter," alisema, "ile njia ya nyuma tungependa kuitengeneza. Matofali ya zamani yapo yote. Tutalifukia lile shimo, tuyarudishe kama yalivyokuwa. Wageni wanapenda sana habari ya mluzi. Tungeweka vijana, wamevaa kizamani, wabebe keki ya harusi huku wanapiga mluzi. Tutaweka na kibao, chenye jina la kaka yako. Tulitaka kwanza tukusikie wewe."

"Keki," Vashti alisema. "Arletha, umesikia? Keki."

"Nimesikia."

"Nichemshe supu?"

"Acha mtoto wa watu ale, Vashti."

Msichana alikuwa ameweka kijiko chini. Bi Arletha alimsogezea sahani ya mkate wa mahindi, akamtazama usoni bila ukali wowote, akamwambia:

"Kibao sitaki. Nawaomba kitu kimoja tu. Lile shimo msilifukie, na yale matofali msiyarudishe. Mtu akitaka kwenda jikoni, azunguke."